Sentimita Nne za Upande wa Kushoto

9 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, kama ulinisalimu. Katika bahasha sikuona salamu, niliona kurasa 312 na kikaratasi kilichoandikwa "Mjomba, soma usinune."

Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu aache kupanda ngazi kwenda kwa jirani kupiga soga. Siku hizi jirani ndiye anayeshuka. Mkaza mjomba wako amenunua miwani mpya na sasa anaona vumbi mahali ambapo halikuwepo. Studio inaendelea. Ni picha za pasipoti tu, asubuhi mpaka jioni. Kila mtu anataka kuondoka na hakuna anayeruhusiwa kucheka.

Sasa riwaya yako. Nimeisoma siku kumi na moja, kalamu mkononi na rula mezani.

Mimi nimo katika kurasa 47. Usiniambie si mimi. Mtu aliyeanza kwa kuosha vioo vya duka la mwenzake akaishia kulinunua duka lenyewe, tena mwenye kidole gumba kilichopinda, hapa mjini tuko wawili, na wa pili ni kivuli changu. Katika kurasa hizo 47 nimekohoa mara kumi na tisa. Mimi sikohoi. Tena umenifanya fundi cherehani. Miaka yote hii nimepiga picha, nimeharibu macho kwenye chumba cha giza, halafu unanipa sindano na uzi. Mkaza mjomba wako umempunguza kama kilo kumi na tano, ndiyo maana anakwenda akisema kitabu kizuri sana.

Ukurasa wa 17, baba wa msichana ana macho ya rangi ya bahari. Baba yako tulimwona wote alipokuja kujenga daraja. Macho yake yalikuwa ya rangi ya chupa ya bia, na hakuna aliyelalamika.

Halafu huyo msichana mwenyewe. Mama wa huku, baba wa huko, watoto mtaani wanamwita Nusu. Nimehesabu: neno hilo limo mara 136. Nusu ya nini? Siku uliyozaliwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale kwenye mizani, kwa kuwa baba yako alikuwa amezirai kwenye benchi. Kilo tatu na robo. Nesi hakuandika kilo moja na gramu mia sita ishirini na tano.

Masahihisho mengine nitayaleta kwa orodha. Ukurasa wa 88 sina la kusema.

Wako,
Mjomba


2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, ile iliyosahaulika kwenye bahasha.

Huku tu wazima. Jirani wa ghorofa ya juu amenunua tarumbeta na anajua sauti mbili, zote anazipenda. Baba anakusalimu. Amestaafu kwa mara ya tatu na bado anaamka alfajiri kukagua daraja ambalo halipo. Nimemsomea habari ya chupa ya bia. Amekwenda kujitazama kwenye kioo, akarudi akakiri.

Fundi cherehani nilimtumia ili nikufiche, sasa wewe mwenyewe unajitokeza na kidole gumba. Kukohoa nitapunguza mpaka mara tano, nyingine ni za lazima, mtu hawezi kuingia chumbani kimya kila siku. Nusu siwezi kumpunguza. Wewe ulisimama kwenye mizani mara moja. Mimi napimwa kila wiki, na kila mtu anakuja na mizani yake. Nikija huko, watoto wa mtaani wananiita mzungu na muuza nyanya anaongeza bei. Nikirudi huku, mtu ananiuliza kwa upole kabisa kama kwetu tuna mvua. Riwaya mbili za kwanza niliandika juu ya watu wengine ili nisiguse hili. Hii ya tatu nimeshindwa kulikwepa.

Kila nikipanda jukwaani kusoma wananiuliza swali lile lile: wewe moyoni unajiona uko upande gani? Najibu: upande wa kushoto, mwisho wa mstari wa mbele. Wanacheka, wanadhani ni fumbo. Wewe peke yako unajua kwamba ni anwani.

Kwa hiyo tuzungumze ukurasa wa 88. Nilikuwa na miaka sita. Bibi amehamia nyumba yake mpya, ukoo mzima umekuja studio kwako, watu ishirini na watatu, nami nimevaa gauni la njano ambalo Mama alilipiga pasi mara mbili. Ulinishika bega ukanisimamisha pale mwisho, ukaniambia nisipumue. Sikupumua. Wiki iliyofuata picha ilitundikwa sebuleni kwa Bibi, ina watu ishirini na wawili. Niliuliza niko wapi. Nikaambiwa nilitoka kwenye mstari.

Mjomba, mimi sikutoka. Katika kitabu nimeandika kwamba mjomba alichukua mkasi. Kama si kweli, niambie ilivyokuwa. Simuni nikikuuliza unasema mtandao mbaya na unakata. Barua haina kitufe. Mhariri anataka kitabu mwisho wa Mei.

Wako,
Mpwa


25 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba mbili, nimezipokea zote. Mama yako anauliza kwa nini hukutaja kama unakula. Mlango wa studio umepakwa rangi mpya na mkaza mjomba wako ameegemea, kwa hiyo gauni lake nalo limepakwa rangi mpya.

Masahihisho ni 41. Nayataja makubwa. Ukurasa wa 23, kutoka nyumbani mpaka shule unasema dakika kumi. Ni hatua 1,240, na kwa miguu yako ya wakati ule, pamoja na kusimama kumtazama kila paka, ilikuwa dakika ishirini na tano. Ukurasa wa 51, Bibi analia. Bibi hakulia mbele za watu hata jino lilipong'olewa. Alimpa pole mng'oaji. Ukurasa wa 140, msichana anakwenda kwa baba yake na huko watoto wa shule wanagusa nywele zake. Hapo sina sahihisho. Nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Ukurasa wa 88 nina moja dogo, la kiufundi. Umeandika fundi cherehani anakata picha kwa mkasi wake wa kitambaa. Hakuna fundi atakayefanya hivyo, karatasi inaua makali. Tena mkasi hauendi sawa, ukingo unayumba. Kazi kama ile inahitaji kikatio cha karatasi, kile chenye mkono kama wa pampu, ukishusha mara moja tu imekwisha na ukingo umenyooka.

Jirani wa mama yako anakusalimu kutoka ngazini.

Mjomba


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakula. Mwambie Mama nakula mpaka jirani amesikia.

Kumbe ni kikatio. Mkono kama wa pampu, mara moja tu, ukingo ukanyooka. Nakushukuru kwa sahihisho, nimelitia kwenye kitabu. Miaka ishirini na tisa nilikuwa nikijibishana na mimi mwenyewe: labda kweli nilitoka, labda mtoto wa miaka sita hajui aliposimama. Umenijibu ukiwa unanifundisha makali.

Nilidhani nikijua nitakasirika. Nimekasirika kidogo, nikapika, nikaunguza, nikakasirikia sufuria. Kilichobaki ni swali moja na ni fupi. Kwa nini?

Usiponijibu, kitabu kinakwenda kama kilivyo na sababu nitaitunga mimi. Nazijua sababu ambazo watu hutumia. Nina kurasa 312 za hizo.

Mpwa


24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Siku thelathini na sita. Unaona, nami najua kuhesabu.

Mpwa


6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la mama yako ni lile lile. Habari nyingine nitazileta mwisho, nikibakiwa na karatasi.

Siku ile studio ilikuwa na umri wa miezi mitano. Kamera niliinunua ikiwa imetumika. Taa mbili, za wati mia tano kila moja, nilizitengeneza mwenyewe kwa sufuria za alumini. Mlangoni niliandika kwa mkono wangu: HAPA KILA MTU ANATOKA VIZURI. Aliyenifundisha kazi alinipa kipimo kimoja cha mwanga, akaniambia hiki ndicho cha watu wetu, nikikishika sitakosea. Na kweli. Watu mia nne na kumi walikuwa wamepita mbele yangu, wote wakatoka na nyuso zao.

Mkaja ishirini na watatu. Mstari wa mbele ulizidi wa nyuma kwa mtu mmoja, wewe, mwisho kushoto, mita moja na nusu kutoka kwenye taa. Nikapima mwanga kwenye uso wa Bibi. Nikapiga filamu nzima, picha kumi na mbili.

Nilipozichapa, ishirini na wawili walikuwa vizuri sana. Pembeni palikuwa na gauni lenye viatu. Juu ya gauni, mahali pa uso, palikuwa peupe kama sahani. Hakuna macho, hakuna pua. Zote kumi na mbili.

Karatasi ya picha kadiri unavyoipa mwanga ndivyo inavyokuwa nyeusi, basi nilikata tundu la ukubwa wa uso wako kwenye kadi, nikawapa wengine sekunde nane za mwanga na wewe peke yako thelathini na moja. Ukatoka kijivu, na duara jeusi limekuzunguka, kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya bomba. Nikawapa wote sekunde zako. Wewe ukaanza kuonekana, nyusi kwanza, na wao wakazama, ishirini na wawili, zikabaki nguo zimesimama zenyewe. Karatasi sitini na nne. Siku tisa. Mkaza mjomba wako alidhani nina mwanamke.

Kosa lilikuwa la taa. Ningeisogeza mita mbili tu, au ningekuweka katikati. Anayejifunza wiki ya kwanza analijua hilo. Mimi sikulijua, kwa kuwa mtu kama wewe hakuwahi kusimama mbele ya kamera yangu, na haikunipitia akilini kwamba kipimo cha watu wetu kinaweza kumkosa mtu wetu.

Jumamosi Bibi alitaka picha yake. Nikashusha kikatio, sentimita nne. Nikasema mtoto alitoka kwenye mstari.

Mama yako hakuniamini. Alinijia studio, akasema nimekutoa kwa sababu ya baba yako. Kwamba watu wanasema yao mitaani na mimi nina duka jipya, natafuta wateja, sitaki mtoto wa rangi ile kwenye kioo changu. Ningeweza kumwonyesha zile karatasi sitini na nne, zilikuwa nyuma ya pazia. Nikanyamaza. Miaka miwili hakunisemesha, na Bibi alikuwa akinitazama wakati wa chakula kama anayetafuta kitu kwenye sahani yangu.

Kuitwa mjomba mbaya niliona nitavumilia. Kuitwa mpiga picha asiyejua kazi, nikiwa na miezi mitano kazini, nisingevumilia. Nilipiga hesabu hivyo. Sikukuweka wewe ndani ya hesabu, kwa sababu ulikuwa na miaka sita na nilidhani utasahau.

Tangu hapo nimepiga picha watoto chotara thelathini na mmoja. Wote wana pua.

Karatasi imekwisha.

Mjomba


27 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini, na nilipofika kwenye bomba nikacheka mpaka jirani akaacha kupuliza tarumbeta akaja kuangalia kama nimeanguka. Kisha nilifika kwa Bibi na sahani yako nikaketi palepale.

Sasa nikupe na yangu, haimo kwenye kitabu. Nilipoletwa huku nikiwa na miaka kumi, tulipigwa picha ya darasa. Watoto ishirini na wanane. Ishirini na saba wana nyuso, na katikati kuna kivuli chenye meno. Ndiyo mimi. Niliambiwa nitabasamu, nikatabasamu, basi yakabaki hayo. Mpiga picha wa hapa naye alikuwa na kipimo cha watu wao. Kila tukikaa na marafiki huwa naihadithia nao wanacheka. Haikunipitia kuileta karibu na picha yako.

Juzi nimeziandika pamoja, sura moja, kurasa sita. Mtoto mmoja, uso mmoja. Kwenye picha moja amepotea kwa weupe, kwenye ya pili amepotea kwa weusi, na mafundi wote wawili walikuwa waangalifu sana. Mhariri amenipa wiki mbili zaidi na amesema kurasa hizo sita ndizo kitabu, zilizobaki 300 na kitu ni njia ya kufikia. Sikujua kama nifurahi.

Fundi cherehani nimemfukuza. Ulivyotaka, umekuwa mpiga picha, na hukohoi kabisa. Nusu wamebaki 90.

Lakini Mjomba, usifikiri nimekuachia. Umenieleza taa, umenieleza sekunde, nimeelewa vyote. Ila mtoto wa miaka sita hakuwa anatafuta picha nzuri. Alikuwa anatafuta aliposimama. Ungenitundika vile vile bila pua. Ningepita sebuleni kwa Bibi kila siku nikasema, yule sahani ni mimi.

Baba amezirai tena, safari hii ni kwa sababu ya bili ya meno. Yuko salama.

Mpwa wako


19 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe pole baba yako, umwambie akae karibu na benchi.

Barua yako nilimsomea mkaza mjomba wako, nikamweleza na yote niliyokuandikia. Alivua miwani, akanitazama bila hiyo, ambapo haoni kitu, akasema karatasi sitini na nne, na mimi niliyetembea miezi nikimtafuta huyo mwanamke. Kwa siku tatu alipika chakula cha mtu mmoja.

Filamu ninayo. Nimechapa upya, sentimita themanini kwa sitini, watu ishirini na watatu, sekunde nane kwa kila mtu, sawasawa. Hakuna kadi, hakuna tundu. Nimeitundika kwenye kioo cha studio kinachotazama barabarani. Zile za maharusi nimezirudisha ndani.

Mama yako nilimwita aione kabla sijamwambia mtu mwingine nje ya nyumba yangu. Alisimama nje, mkono kiunoni, muda mrefu. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango akacheka mpaka goti likamuuma. Akasema kumbe miaka miwili alininunia bure. Aliponyamaza alitazama tena, akasema hapana, haikuwa bure. Nikamwambia hapana, haikuwa. Akaniomba chai.

Siku ya kwanza waliuliza watu wanne, ya pili tisa. Wanataka kujua huyo wa pembeni ni nani na ana nini. Nawajibu wote kwa maneno yale yale: ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, hana tatizo lolote, aliyekosea ni mimi. Mama mmoja aliyemleta binti yake kwa picha za pasipoti aliposikia hivyo alimshika mkono wakaenda kwingine. Mpaka leo wamekwenda kwingine watu watatu. Nimewahesabu, nikawaacha waende.

Asubuhi hii ameingia kijana wa hii mitambo mipya, amekaa kwenye kiti akisubiri zamu yake, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba siku hizi uso kama ule unarudishwa na kompyuta, macho na pua na kila kitu, dakika tano, na hatanitoza. Nikamwambia nina hiyo kompyuta mwaka wa sita sasa, na kazi hiyo naijua.

Akauliza mbona basi sijamtengeneza.

Nikamwambia mwenyewe ameomba atundikwe hivyo. Kisha nikasogeza taa nyuma, nikamwambia inua kidevu.

Wako,
Mjomba